Gari Kuukuu la SUV Linapokataa Kuwaka au Kuzimika Mara kwa Mara: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Gari linalowaka leo na kukataa kesho linasumbua kuliko lile lililokufa kabisa, kwa sababu mara nyingi linafika kwa fundi likiwa zima, linawaka kwa kugusa ufunguo tu, na fundi hana cha kupima. Hapo ndipo kubahatisha kunapoanza: plagi zinabadilishwa, kisha pampu ya mafuta, kisha sensa mbili tatu, na baada ya hayo yote gari linazimika tena kama mwanzo. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unaanza kwa kujua gari linakataa katika hali gani, unahakikisha umeme uko sawa, na ndipo unafuata mafuta, cheche na hewa kadiri dalili zinavyoelekeza. Maelezo mengi yanahusu injini ya petroli yenye nozeli (vinyunyizio vya mafuta) zinazoongozwa na kompyuta. Dizeli ina sehemu yake mbele.

Ni vyema kukumbuka kwamba umri wa gari wenyewe ni dalili. Katika SUV iliyotumika miaka mingi, vifaa vingi vinavyodhaniwa vimekufa huwa ni vizima, ila waya zake zimepikwa na joto la injini, soketi zimelegea, au maungio ya ethi (waya zinazorudisha umeme kwenye bodi na nguzo hasi ya betri) yameota kutu. Zaidi ya hapo kuna nyaya zilizoongezwa na wamiliki waliotangulia, kama za king'ora, redio, taa za ziada na soketi ya trela. Kila mahali waya wa asili ulipochunwa na kufungwa kwa utepe pawekwe kwenye orodha ya washukiwa tangu siku ya kwanza.

Hatua ya kwanza: andika kumbukumbu kabla ya kufungua spana

Weka daftari dogo ndani ya gari, na kila tatizo linapotokea andika mambo haya papo hapo. Je, injini ilikuwa baridi, ya moto, au ilikuwa imezimwa kwa muda mfupi baada ya safari? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Kulikuwa na mvua au unyevunyevu? Ulipopiga stata, ilizungusha kwa nguvu, ilizungusha kwa uvivu, ilitoa mlio wa "tik" tu, au ilinyamaza? Taa za dashibodi zilififia? Kama lilizimika njiani, lilizimika ghafla mithili ya mtu aliyezungusha ufunguo, au lilianza kutetemeka na kukosa nguvu kwanza? Na lilikaa muda gani kabla ya kukubali kuwaka tena?

Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Gari linalozimika likiwa la moto na kuwaka baada ya kupoa nusu saa linaelekeza kwenye kifaa kinachoharibika kwa joto, hasa sensa ya krenkshafti (inayoiambia kompyuta jinsi shafti kuu ya injini inavyozunguka), relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) au pampu. Gari linalowaka mara tu baada ya kutikisa ufunguo au kufunga na kufungua boneti linaelekeza kwenye maungio. Anayempelekea fundi maelezo ya namna hii anakuwa ameshafanya nusu ya kazi, na pia anakuwa na hoja ya kukataa kifaa kisichoendana na dalili.

Usalama kwanza, kwa ufupi

Gari likizimika likiwa katika mwendo, usukani utakuwa mzito lakini bado utageuka, na breki zitabaki na msaada wa kutosha kwa mkanyago mmoja au michache tu, hivyo kanyaga mara moja kwa nguvu bila kupampu. Washa taa za tahadhari, weka gia huru, na ujaribu kuwasha tena. Usirudishe ufunguo hadi mahali unapofunga usukani gari likiwa bado linatembea. Ikiwa tatizo hilo limeshatokea zaidi ya mara moja katika mwendo wa kasi, gari hilo lisiende barabara kuu hadi chanzo kipatikane.

Wakati wa kupima, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu, na usifanye kazi ya injini inayozunguka katika chumba kisicho na hewa. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka, kwa hiyo cheche na sigara zikae mbali nayo.

Hatua ya pili: betri, vichwa vyake na ethi

Anza hapa hata kama unaamini betri ni nzima, kwa kuwa kompyuta ya injini huhitaji volti za kutosha wakati wa kupiga stata. Zikishuka mno, stata inaweza kuendelea kuzungusha huku kompyuta ikiwa imepoteza fahamu, na ukadhani tatizo ni la mafuta. Chukua multimita na upime betri gari likiwa limelala saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni takriban nusu, na 12.0 au chini ya hapo ni betri iliyokaribia kuisha. Kisha mwenzako apige stata huku ukitazama kipimo: katika hali ya hewa ya kawaida kisishuke chini ya takriban volti 9.6. Injini ikishawaka, magari mengi huonyesha kati ya volti 13.5 na 14.7, ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, alteneta, mkanda wake au waya wake una kasoro.

Baada ya hapo fungua vichwa vya betri kabisa, usiviangalie kwa juu tu. Kichwa kinaweza kung'aa nje wakati ndani, pale risasi ya betri inapogusana na kishikio, kuna utando mwembamba wa kijivu usiopitisha umeme vizuri. Vua kishikio, kwangua pande zote mbili mpaka chuma king'ae, kaza, halafu jaribu kukizungusha kwa mkono, kikizunguka, hakijakaza. Angalia pia waya wenyewe karibu na kichwa: ukiukunja na kusikia mchakacho kama wa mchanga, au ukiona unga wa kijani ukiingia chini ya plastiki, waya umeoza kwa ndani na kusafisha kichwa hakutausaidia.

Kipimo ambacho wengi hukiruka, ingawa ndicho kinachofichua mengi katika gari la zamani, ni cha upotevu wa volti. Weka ncha nyekundu ya multimita kwenye nguzo chanya ya betri yenyewe, si kwenye kishikio, na ncha nyeusi kwenye boliti nene ya stata, kisha mwenzako apige stata. Kipimo kikizidi nusu volti, umeme unapotea katika waya huo au kwenye maungio yake. Rudia upande wa ethi kwa kuweka ncha nyeusi kwenye nguzo hasi na nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Hapo volti 0.2 au 0.3 zinatosha kukutia shaka. Mikanda ya ethi inayounganisha injini na bodi hukaa chini, penye matope na mafuta machafu, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuigusa tangu gari litoke kiwandani.

Ikiwa betri ni nzima lakini inaishiwa gari likikaa siku mbili tatu, kuna kitu kinachonyonya umeme. Unganisha kipimo cha ampea kati ya nguzo hasi na waya wake, funga milango, subiri hadi saa moja ili kompyuta zote zilale, kisha soma. Matumizi yasiyozidi miliampea 50 ni ya kawaida kwa magari mengi. Yakizidi sana, chomoa fyuzi mojamoja mpaka kipimo kishuke. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa kipimo kikiwa kimeunganishwa hivyo, maana utakiunguza.

Hatua ya tatu: stata haizungushi

Sikiliza mlio. Milio mingi ya haraka ni ishara ya betri dhaifu au maungio mabovu, na jibu lake liko kwenye hatua iliyopita. Mlio mmoja mzito bila mzunguko unaelekeza kwenye stata yenyewe: shaba za kugusana ndani ya selenoidi (swichi ya sumaku ya stata) zimelika, au kaboni (brashi za ndani zinazopitisha umeme) zimeisha. Ukimya kamili unaelekeza kwenye njia ya amri, yaani swichi ya ufunguo, relei ya stata, fyuzi, au swichi ya usalama ya giaboksi. Katika gari la gia otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Likiwaka kwa N, swichi hiyo imelika au imekaa vibaya. Kwenye gari la gia za mkono, kagua swichi iliyo juu ya pedali ya klachi.

Ili kumaliza ubishi, pima waya mwembamba unaoingia kwenye selenoidi wakati ufunguo umezungushwa. Ukipata zaidi ya volti 10 hapo, na waya mnene nao una umeme wa kutosha, lakini stata haizunguki, basi stata ifunguliwe. Isitupwe haraka, kwa sababu katika aina nyingi shaba za selenoidi na kaboni hubadilishwa zenyewe. Kugonga stata kwa nyundo ili izunguke husaidia kuthibitisha kaboni zimeisha, lakini kama matibabu hakudumu.

Hatua ya nne: stata inazungusha lakini injini haishiki

Kabla ya kufungua chochote, kaa kwenye kiti na utazame dashibodi. Zungusha ufunguo bila kupiga stata: taa ya injini inapaswa kuwaka. Isipowaka, yaelekea kompyuta haipati umeme, na mshukiwa ni relei kuu au fyuzi yake. Taa ya ufunguo au ya usalama ikimetameta haraka, imobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi) haiutambui ufunguo. Dalili yake nyingine ni injini kuwaka na kuzimika baada ya sekunde moja au mbili. Jaribu ufunguo wa akiba.

Sasa sikiliza upande wa tangi. Katika magari mengi pampu huunguruma sekunde mbili hivi ufunguo unapofunguliwa, kisha hunyamaza. Usipoisikia, badilishana relei yake na nyingine inayofanana nayo kwenye kisanduku hichohicho, halafu pima kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu. Halafu piga stata huku ukitazama mshale wa mizunguko ya injini. Kwenye magari mengi ya zamani mshale huo huinuka kidogo stata inapozungusha. Ukilala kwenye sifuri bila kutikisika, shuku sensa ya krenkshafti, ambayo bila taarifa zake kompyuta nyingi hazitoi cheche wala mafuta.

Baada ya hapo soma kumbukumbu za kompyuta. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996, na yale ya Umoja wa Ulaya kuanzia 2001, yana soketi ya kawaida ya kusomea hitilafu chini ya dashibodi, na hata mashine ndogo inatosha. P0335 inahusu saketi ya sensa ya krenkshafti, P0340 ya kamshafti (shafti inayofungua vali), P0300 ni silinda kukosa kuwasha mafuta bila mpangilio. Andika namba zote pamoja na takwimu zilizohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea, na usifute kitu kabla ya kuandika. Namba inakuonyesha saketi inayolalamikiwa, haikuambii ununue sensa: waya uliokatika huleta namba ileile. Kutokuwapo kwa namba yoyote nako kusikudanganye, kwani pampu dhaifu inaweza kulizima gari bila kuacha alama.

Cheche zipimwe kwa kifaa chake, si kwa kushika waya mkononi. Mafuta yapimwe kwa geji ya shinikizo, na matokeo yalinganishwe na kitabu cha injini husika; mifumo mingi ya nozeli za kwenye njia ya hewa hufanya kazi kati ya bari 2.5 na 4. Zima injini na uendelee kuitazama geji. Shinikizo likiporomoka ndani ya dakika chache, ndiyo maana gari linasumbua asubuhi. Fungua na kufunga ufunguo mara tatu bila kupiga stata, ukisubiri kidogo kila mara, halafu washa: likishika mara moja, vali ya kuzuia mafuta kurudi ndani ya pampu haishiki, au nozeli zinavuja. Nozeli zinazovuja hujitambulisha kwa harufu ya petroli na moshi mweusi wakati wa kuwaka, na injini hukubali zaidi ukikanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata, kwa sababu kompyuta nyingi hukata mafuta katika hali hiyo.

Sensa ya joto la maji nayo huhusika zaidi ya inavyodhaniwa. Injini ikiwa imelala usiku kucha, joto linalosomwa na kompyuta linapaswa kukaribiana na la hewa. Ukisoma nyuzi −40, saketi imekatika. Ukisoma 80 injini ikiwa baridi, kompyuta inanyima mafuta ambayo injini baridi inayahitaji.

Hatua ya tano: linawaka vizuri, kisha linazimika

Kuzimika ghafla, bila kutetemeka, karibu kila mara ni jambo la umeme. Ukiona mwangaza wote wa dashibodi umepotea kwa sekunde, fuata swichi ya ufunguo na ethi. Swichi hizi hulika, na shada zito la funguo huzidisha tatizo. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ililazimika kuyarudisha mamilioni ya magari kwa ajili ya swichi zilizoweza kujizima katika mwendo. Kama taa zinabaki na injini tu ndiyo inayokufa, rudi kwenye sensa ya krenkshafti, relei kuu na relei ya pampu. Sensa inayoshukiwa inaweza kupashwa joto kwa mashine ya kukaushia nywele injini ikiwa katika mzunguko wa chini. Ikizima injini, ushahidi umepatikana. Tikisa pia fungu la nyaya kipande kwa kipande, hasa linapopita karibu na bomba la moshi na linapopinda kwenye giaboksi.

Kuzimika kwa kudhoofika, hasa mlimani au ukiwa umebeba mzigo, ni njaa ya mafuta au moshi usiotoka. Hapa mashine ya kusoma takwimu ina faida kubwa kuliko namba za hitilafu. Tazama marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Yakipanda zaidi ya asilimia 10 wakati injini inafanya kazi nzito, mafuta hayatoshi: filta imeziba, pampu imechoka au haipati volti kamili. Yakiwa juu kwenye mzunguko wa chini tu na kushuka kwenye mizunguko 2,500, hewa inaingia isikopimwa, kwa kawaida kupitia mpira uliopasuka nyuma ya injini au gasketi ya manifoldi (bomba la kugawa hewa kwenye silinda). Likizimika, fungua kifuniko cha tangi taratibu. Mvuto mkubwa wa hewa unaonyesha njia ya kupumulia tangi imeziba. Kama shinikizo la mafuta ni zuri na bado injini inakabwa, kagua kichujio cha moshi kwenye ekzosi, ambacho huyeyuka na kuziba ikiwa silinda zimekosa kwa muda mrefu.

Kuna gari linalozimika tu linaposimama kwenye taa au linapoingizwa gia. Hapo anza na throtobodi, yaani mlango wa kupitishia hewa: kaboni hujijenga pembezoni mwa kisahani chake kama mviringo mweusi, na hewa ndogo inayohitajika injini ikiwa haijakanyagiwa mafuta hukosa njia. Isafishe kwa dawa yake, pamoja na vali ya hewa ya mzunguko wa chini kama ipo. Kama kisahani kinaendeshwa kwa mota, usikisukume kwa nguvu kwa kidole, na baada ya kazi fuata utaratibu wa kuifundisha upya kompyuta. Sensa ya kupima hewa ina dawa yake peke yake. Usiisugue kwa brashi. Vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) iliyokwama wazi huleta dalili hizohizo. Na kwa gia otomatiki, ikiwa injini inazimika kwa mshtuko gari linaposimama, kana kwamba umesahau kukanyaga klachi, huenda klachi ya ndani ya konveta (kifaa kinachounganisha injini na gia otomatiki) haiachii, na kusafisha throtobodi mara kumi hakutasaidia.

Dizeli

Adui wa kwanza ni hewa ndani ya mafuta. Weka kwa muda mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu na uangalie mapovu. Kama gari linawaka vizuri baada ya kupampu kwa mkono juu ya filta, kuna mahali panapovuta hewa. Ondoa maji kwenye filta, na uibadilishe kabla ya kutuhumu kifaa kingine. Likisumbua asubuhi tu na kutoa moshi mweupe, pima plagi za joto na relei yake. Kwenye mfumo wa komoni reli (bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote), vali ya kudhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu kubwa ikichoka, mzunguko wa chini hupanda na kushuka na hatimaye injini huzimika. Mabomba ya mfumo huu hubeba shinikizo linaloweza kuzidi bari 1,000, na mafuta yanayochuruzika humo hupenya ngozi. Yasilegezwe injini ikizunguka.

Hatua ya sita: kulikamata, na kuthibitisha

Kama bado gari halijaonyesha kosa mbele yako, liwekee mtego. Funga geji ya mafuta ionekane kwenye kioo cha mbele, unganisha taa ndogo ya kupimia kwenye waya wa pampu na nyingine kwenye waya wa umeme wa kompyuta, uzielekeze ndani ya gari, kisha abiria azitazame unapoendesha katika hali uliyoiandika daftarini. Taa itakayozimika kabla ya injini ndiyo ya kufuatwa. Ile inayozimika baada yake haina habari yoyote.

Kifaa kikishabadilishwa, usiridhike kwa sababu gari limewaka gereji. Lirudishe katika hali ileile: kama lilikuwa likizimika baada ya safari ndefu na kusimama kidogo kwenye jua, lipeleke safari hiyo, lizime, lisubiri kiasi kilekile, liwashe. Kwa sensa za krenkshafti na kamshafti, napendelea ya mtengenezaji wa gari au ya kampuni iliyomtengenezea, kwa kuwa zile za bei ya chini mara nyingi hukubali zikiwa baridi na kukataa zikipata joto, na unarudi kutafuta tatizo ambalo tayari ulilipata. Ikiwa umeme, cheche, mafuta na hewa vyote vimepimwa vikiwa sawa wakati gari linakataa, basi ipimwe kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda na ukaguliwe mnyororo wa taimingi, unaounganisha krenkshafti na kamshafti, ambao ukishanyooka huleta namba kama P0016 na kufanya injini izungushwe kwa muda mrefu kabla ya kushika.